Mtu wa "Leteni Kula"

Jumamosi, 5 Oktoba 2002

Siku mbaya. Ilianza vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Saa nne asubuhi nilikuwa hotelini kwa Samatar, kwenye kona yangu karibu na jiko. Chai ya bure. Mandazi ya bure. Nimekula bure pale tangu Samatar afungue, ingawa biashara yake hasa ni ya mbuzi na ng'ombe, na mtu wa mifugo si mwepesi wa kutoa bure. Sababu ni moja tu. Mimi ndiye mtu wa "Leteni kula".

Ninaandika kwa ajili ya wajukuu watakaokuja, kwa hivyo nieleze. Mwaka wa 1985 stesheni ilionyesha mchezo ulioitwa Baraza la Mavumbini, na sehemu moja ilikuwa imepigwa picha Kathiani. Katikati ya sehemu hiyo mwanamume anasimama barazani na kupaaza sauti: "Leteni kula!" Basi. Machakos yote ikashikwa na maneno hayo. Ulikuwa wakati wa njaa ile wazee waliyoiita nikw'a ngwete, yaani nitakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu cha kununua hakikuwepo. Tulikuwa tunatafuna mahindi ya njano ya msaada. Kisha mtu anasimama kwenye televisheni na kusema lile lililo tumboni mwa kila mmoja! Watoto walilisema shuleni. Pilau ikichelewa harusini, ukumbi mzima uliliimba. Mpaka leo.

Na mtu huyo ni mimi, Wathome.

Wajukuu, sogeeni karibu. Si mimi.

Siku ya kupiga picha nilichelewa. Nilifika Kathiani gari lao likiteremka mlima na sikuona ila vumbi. Lakini kipindi kilipoonyeshwa nilikuwa nimesimama nyuma ya umati kwenye ukumbi wa Mumbuni, mbele yetu televisheni moja ya picha nyeusi na nyeupe, uso wa mtu haujulikani kwa ule mchanga uliokuwa ukinyesha kwenye kioo. Mtu akauliza huyo mlafi ni nani. Nikasema ni mimi. Sijui kwa nini. Mdomo wangu hutangulia, mimi hufuata.

Sasa leo. Samatar alinikumbatia mlangoni. Alisema siku hizi kila Ijumaa, kabla ya taarifa ya saa moja, stesheni inarudia michezo ya zamani, na jana mtangazaji amesema Ijumaa ijayo ni Baraza la Mavumbini, sehemu ya Kathiani. Samatar ana televisheni ya rangi, kubwa kama dirisha. Alisema nitakaa mbele kabisa, na wakati ukifika nitasimama nitamke pamoja na mimi mwenyewe. "Wathome wawili kwa mara moja, wallahi."

Muindi, Mkamba mwenzangu mwenye duka la hardware, alikuwa meza ya pili. Alitoa kijiti cha meno mdomoni. Alisema amefurahi sana, kwa sababu miaka yote ametamani kuuona ule uso vizuri.

Huyu Muindi alimtaka Mbula, mke wangu, zamani zile zile. Alikuwa na duka la babake. Mimi nilikuwa na bisibisi moja ya kufungulia redio. Mbula alinichagua mimi, na sijawahi kujiuliza kwa nini, kwa sababu ninajua. Ni "Leteni kula". Ikiwa Ijumaa mtu atakayesimama pale si mimi, basi Mbula amekuwa akimpikia nani?

Sijala chakula cha jioni.


Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Mpango ulinijia wakati wa sadaka: watu wakitamani kipindi kingine, watasahau hiki. Kumbukumbu ni kama debe, ukimwaga za kutosha zile za chini hazionekani.

Nikaenda kwa Samatar nikaanza kumwaga. Niliwakumbusha jinsi tulivyokuwa tunakaa mbele ya ule ubao wa mistari ya rangi, ambao kwetu ulikuwa wa kijivu, tukisikiliza mlio mmoja wa kuudhi mpaka stesheni ifunguliwe. Hakuna aliyeondoka. Tuliutazama ule ubao kama mchezo. Niliwakumbusha daktari wa melini, yule Mzungu aliyekuwa akipasua watu bahari ikichafuka. Niliwakumbusha mieleka ya Jumapili, na jinsi mzee mmoja wa Mumbuni alivyoipiga televisheni ngumi ili kumsaidia mtu wake.

Walichangamka! Samatar alikumbuka Faida ya Nyuki, ambayo nilidhani ni mimi peke yangu niliyeitazama. Mtangazaji alikuwa akifundisha kufuga nyuki, na kila wiki alirudi uso umevimba kuliko wiki iliyopita. Mwishowe alikuwa anaongea kwa jicho moja. Samatar alicheka mpaka akashika meza. Alisema babake, ambaye hakujua Kiswahili wala Kiingereza, hakukosa hata siku moja.

Nikaona nafasi. Nikapendekeza Ijumaa tuweke mieleka kwenye stesheni nyingine, kwa heshima ya zamani. Muindi alisema, pole pole, eti mazungumzo haya yote mazuri yamemfanya azidi kuitamani Baraza la Mavumbini. Wote wakasema kweli kabisa. Hata Samatar.

Wakati huo gari la mgombea mmoja wa udiwani lilipita nje na vipaza sauti. Uchaguzi ni Desemba na kelele zimeanza. Alikuwa akiomba kwa sauti ya kulia, "Nipatieni kula zenu, watu wangu, kula zenu!" Sisi Wakamba na herufi R hatukulelewa pamoja. Mtu mmoja hotelini alimjibu kwamba yeye alete kula kwanza, na watu wote wakageuka wakanipigia makofi. Niliinama kidogo. Ningefanya nini?


Jumatatu, 7 Oktoba

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Antena ya Samatar niliiweka mimi mwenyewe. Aliyeiweka anaweza kuiharibu.

Nilimwambia Samatar ninataka kuikagua kwa ajili ya siku kubwa. Alinishikia ngazi kwa mkono wake. Nikapanda juu ya mabati, joto la Oktoba likinipikia viatu, nikaizungusha antena nikaielekeza Yatta, mahali ambapo hakuna kitu ila punda. Nikaikaza kwa nguvu zote. Kutoka chini nilimsikia Samatar akipiga kelele. Nikafunga macho. Nilijua picha imekufa.

Nikashuka. Picha haijawahi kuwa safi vile tangu televisheni ivumbuliwe. Uliweza kuhesabu nyuzi za shati la mtangazaji. Samatar alikuwa anaita watu waingie kutoka barabarani waje waone. Alisema miaka mitatu amekuwa akitazama vivuli na hakujua kumbe fundi wake anaweza kazi akiamua. Muindi aliuliza kama mwanzoni ilikuwa imeelekezwa wapi. Nikasema mambo hayo ni ya ufundi.

Samatar amenipa mguu mzima wa mbuzi. Mbula amefurahi. Mimi nimeutazama ule mguu kama hati ya kifo changu.


Jumanne, 8 Oktoba

Sikulala. Nilikuwa nikigeuka huku na huku mpaka Mbula akaniuliza kama nina kunguni wa peke yangu.

Lakini asubuhi, kipaji! Nina televisheni yangu ya zamani kwenye stoo. Nyeusi na nyeupe. Mbele yake niliibandika ile karatasi ya plastiki tuliyokuwa tunanunua zamani, samawati juu, nyekundu katikati, kijani chini, ili picha ziwe za rangi. Mbinguni kuwe samawati na majani yawe kijani, na kama mtu amesimama, basi kichwa ni cha samawati na miguu ni ya kijani. Hakuna mtu anayeweza kutambuliwa kwenye televisheni ile. Mama yako mzazi hutamtambua.

Nikaipeleka kwa Samatar begani. Nikatoa hotuba. Nilisema mchezo wa zamani hautazamwi kwa mashine ya kisasa. Ni kama kunywa uji kwa uma. Tuutazame kama tulivyoutazama, mchanga wake, karatasi yake, mtu mmoja nje akishika antena na wengine ndani wakimwambia geuza, bado, geuza, hapo hapo, usiachilie. Nilisema hayo ndiyo yaliyokuwa utamu wenyewe, si picha.

Nilijiamini nikiongea. Hata machozi yalinitoka kidogo, na yalikuwa ya kweli, kwa sababu niliikumbuka nyumba yetu Kathiani na baba yangu amesimama mvuani ameshika ule mti wa antena ili sisi tuone mieleka. Hakuwahi kuiona hata moja. Alikuwa akituuliza baadaye nani ameshinda.

Samatar alipangusa macho kwa kona ya kitambaa cha kiuno. Sainab, mkewe, alitoka jikoni kunisikiliza. Nikajua nimeshinda.

Muindi akasema ni wazo zuri sana, na kwamba ziwekwe zote mbili, kando kwa kando. Ile ya zamani kwa ajili ya moyo, na ile kubwa kwa ajili ya kuona. Wakampigia makofi kuliko mimi.

Ninamchukia Muindi. Ninaandika hivyo bila aibu.


Jumatano, 9 Oktoba

Nimebadilisha mkakati. Kama siwezi kuizuia picha, basi nifanane nayo.

Shida ni kwamba sijawahi kumwona yule mtu. Niliona mchanga uliosimama. Nikamuuliza Mbula, kama mtu anayepiga hadithi tu, je, mama Katunge, wewe unakumbuka zamani zile nilikaaje kwenye televisheni?

Mbula alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa. Alisema nilikuwa mnene, nina mwanya wa meno, na upara umeanzia mbele. Nikasema kweli, nilikuwa hivyo. Akasema pia nilikuwa mfupi zaidi. Nikasema njaa ilikuwa imenibana. Akaniuliza unene na njaa vilikaa wapi pamoja. Nikasema ilikuwa sanaa. Akaendelea na maharagwe yake, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Nadhani ni mafua.

Nikaenda kwa kinyozi nikamwambia anitoe nywele za mbele tu. Alikataa mara mbili, ya tatu akaninyoa. Nimekula sahani tatu za muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ili ninenepe kufikia Ijumaa. Binti yangu Katunge aliporudi kutoka shule aliniangalia akauliza kama kuna mtu amekufa kwetu, kwa sababu watu wa msiba ndio hunyolewa. Nikamwambia aende akasome.

Tumbo linauma. Unene haujaonekana.


Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu. Maduka mengi yamefungwa. Watu wote hawana kazi, na wote wanazungumza juu ya kesho.

Nilitembea mpaka sokoni nikarudi. Nikatembea tena. Katika safari ya tatu nikapata mpango mkubwa kuliko yote, na umetoka kwenye mila zetu wenyewe, kwa hivyo ni safi. Mama mkwe wangu!

Mama mkwe anaishi Ekalakala na ni mtu wa desturi za zamani. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake wana nthoni. Hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Vijana wa siku hizi wamesahau, lakini yeye hajasahau. Kila anapokuja kwangu mimi hukaa nje kama mbwa mpaka aondoke. Basi: mama mkwe akiwa ndani ya hoteli ya Samatar, mimi nitakuwa nje! Hakuna anayeweza kunilaumu. Wakiona yule mtu si mimi, mimi sipo. Nitakuwa njiani kuelekea mahali popote.

Lori la Samatar lilikuwa linaenda Ekalakala kuchukua mbuzi. Nikamtumia mama mkwe salamu kwa dereva, kwamba mkwe wake anamwomba kwa heshima zote aje aone siku yake kubwa. Dereva aliporudi jioni alisema bibi amekubali kabla hajamaliza kusema. Atakuja kesho na lori, kiti cha mbele.

Nilimwambia Mbula. Aliuliza kama nina hakika ninataka mamake awepo. Nikasema familia ni familia.

Leo nitalala.


Ijumaa, 11 Oktoba



Mama mkwe alifika saa kumi, amevaa vizuri, mbuzi wakilia nyuma yake. Nilikimbia nyuma ya nyumba kama ipasavyo. Saa kumi na mbili hoteli ilijaa mpaka mlangoni. Mimi nilisimama nje kando ya barabara, huzuni usoni, furaha moyoni. Niliwaeleza watu kwamba mila ni mila.

Samatar alitoka. Alisema haiwezekani mwenye sherehe awe nje. Nikamweleza nthoni. Akasema anaelewa sana, kwao pia kuna heshima. Akaingia ndani, akazungumza na mama mkwe kupitia Mbula, akatoka tena anatabasamu. Mama mkwe amesema zamani, nyumba ikiwa ndogo, watu walikuwa wanatundika nguo katikati.

Wakatundika leso ya Sainab! Kamba kutoka msumari huu hadi ule, na mimi nikawekwa nyuma yake, kwenye kona yangu ya jikoni, kwenye kiti cha peke yangu. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, karibu nami kiasi kwamba nilimsikia akipumua. Televisheni zote mbili zilikuwa kwake. Ukumbi mzima uliona. Mimi niliona leso.

Leso ilikuwa na maandishi, na kwa upande wangu yalikuwa yamegeuka. Sikuwa na kingine cha kutazama. Nikayasoma herufi moja moja kutoka nyuma: Usisafirie nyota ya mwenzio. Nikasema moyoni, Muindi angefaa kuyasoma haya.

Wimbo wa kuanza ulipopigwa, ngoma na filimbi, watu wazima waliimba. Nilisikia sauti zikikatika kwa kumbukumbu. Mtu alisema jina la nduguye aliyekufa, kwamba angeupenda usiku huu. Kisha baraza likaanza, na chifu akazungumza juu ya kamati ya josho la ng'ombe. Josho? Sikukumbuka josho. Mimi miaka yote nimesimulia karamu. Nimewaambia watu kwamba mwongozaji aliniomba nicheze kama mtu mwenye njaa, nikafunga siku mbili nzima, na niliposema yale maneno mwongozaji alilia.

Samatar akasema, jamani, sasa, sasa. Wote wakavuta pumzi. Na ile sauti ikatoka kwenye televisheni kubwa, safi kama kengele, kwa sababu ya antena yangu:

"Leteni kura!"

Kura. Kwa R iliyonguruma kama pikipiki inayopanda Kathiani. Nusu ya ukumbi ilikuwa imeshapaaza "kula", na "kula" yao ikafa hewani. Yule mtu akaendelea, sauti ya karani, hana njaa hata kidogo. Alisema kila mtu alete kura yake hapa mbele ihesabiwe.

Tulikuwa na njaa, ndiyo maana. Mji mzima ulikuwa na njaa, na ukasikia chakula.

Kisha Muindi, kwa upole wa mtu anayefungua zawadi: "Wathome, niko na swali moja tu. Ulifunga siku mbili ndio ukapige kura?"

Nilishika kiti. Nilisikia kicheko kikianza kupanda kutoka nyuma ya ukumbi na nikajua kikifika mbele nimekwisha. Hakikufika. Mama mkwe alipiga ukelele hadi leso ikapepea. "Asi! Mwana wakwa! Mbula! Ni Mbula!"

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka. Huyo, huyo, kando yake, si ni Mbula, mwangalieni! Nilisimama. Nilishika ukingo wa leso. Upande wa pili alikuwa mama mkwe, na mkono ulikataa kuivuta. Nikainama nione chini yake. Nikaona miguu ya meza. Nilipopata nafasi ndogo pembeni, kwenye televisheni kulikuwa na ng'ombe.

Wanasema alikuwa amesimama kando ya yule mtu, begani kwake. Msichana wa miaka kumi na minane, kiondo mgongoni, anacheka mdomo wazi. Muda mfupi tu. Wengine wanasema ulikuwa mrefu. Watu wote wa Machakos wamemwona isipokuwa mimi.

Hakuna aliyeniuliza kitu tena. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.


Jumamosi, 12 Oktoba

Mama mkwe ameondoka na lori. Nilitoka nyuma ya nyumba.

Mbula alikuwa anaosha vyombo uani. Nilizunguka, nikakaa, nikasimama, nikakaa. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema alikuwepo. Alisema hakuna aliyemuuliza. Ni kweli. Nilijua njaa ile iliwafanya wazazi wake wampeleke kwa shangazi yake Kathiani, na kumjua nilimjua huko huko, mtoni. Lakini sikuwahi kumuuliza siku ile alikuwa wapi. Nilikuwa nikimweleza mimi nilikuwa wapi.

Nikasema basi ulijua. Akasema ndiyo, tangu siku ya kwanza. Alikuwa amesimama karibu na yule mtu hadi akasikia harufu ya tumbaku yake. Walirudia mara nyingi, kura, kura, kura, mpaka yeye akaangua kicheko na mwongozaji akasema hiyo hiyo ndiyo nzuri. Nikamuuliza, na mimi nilipokuja mtoni nikasema ni mimi? Akasema alitaka kudondosha mtungi.

Ilinichukua muda kuuliza lile lingine. Nilienda mpaka kwenye ua nikarudi. Nikamuuliza kwa nini basi alinikubali.

Alisugua sufuria. Alisema mwaka ule kila aliyekuja kwao alikuja na habari za njaa. Muindi alikuja na habari za bei ya unga. Mimi nilikuja na upuzi, lakini ulikuwa upuzi mzuri, na alikuwa hajacheka tangu ile siku ya picha. "Baba Katunge, nilitaka tu kuona utaufikisha wapi. Umeufikisha mbali."

Niwaandikie wajukuu ukweli: nilifurahi, na nilitaka kulia. Nilimwomba anieleze alivyokuwa amekaa kwenye ile picha. Alisema hata yeye hakujiona vizuri, mamake alikuwa amesimama mbele. Kisha akanituma maji.

Stesheni imesema Ijumaa ijayo ni mchezo mwingine.


Jumapili, 13 Oktoba

Tulienda kwa Samatar baada ya kanisa, mimi na Mbula. Watu walisimama. Kwa ajili yake. Samatar alimwita nyota wetu, akampa kona yangu karibu na jiko. Sainab alimletea chai na mandazi ya bure. Mimi nililetewa chai ya kawaida, na mtu akasubiri nilipe.

Nilijiahidi kunyamaza. Nilifikiria maneno ya uani. Nilikuwa mtu mpya kwa muda wa kikombe kizima.

Wakaanza kuirudia ile picha. Kiondo kilikuwaje, kitambaa kilifungwaje. Samatar akasema yeye aliona jambo moja ambalo wengine hawakuliona. Kulikuwa na mkono. Mkono wa mtu nyuma ya Mbula, begani kwake, ukimsukuma mbele kidogo ili aonekane. Wengine wakasema kweli, hata wao waliuona. Samatar akauliza mkono ule ulikuwa wa nani.

Nikasikia sauti ikisema ni wangu.

Sijui kwa nini! Lakini ukishasema lazima uendelee. Nilieleza kwamba miaka yote nilimficha Mbula nyuma ya hadithi yangu kwa sababu hapendi sifa. Kwamba mwongozaji aliniambia, wewe Wathome una jicho, nichagulie uso. Kwamba nilimwona msichana huyu, nikamsukuma kwa vidole viwili tu, na ndipo mapenzi yalipoanzia. Nikiwa katikati niliona kwamba ni hadithi nzuri kuliko ile ya kwanza. Watu walikuwa wanasikiliza. Samatar aliita niongezewe chai.

Muindi aliuliza ni mkono gani. Nikasema wa kulia. Akasema ulikuwa wa kushoto. Nikasema televisheni hugeuza.

Wakamgeukia Mbula. Aliweka kikombe chini. Alisema mkono ule ulikuwa wa marehemu shangazi yake, Wanza, na kwamba hata kwenye televisheni ilionekana bangili yake ya shaba. Wote wakautazama mkono wangu.

Nimemsamehe. Miaka ni mingi, na kumbukumbu ya mtu huchakaa. Lakini ni kweli kwamba bangili ilionekana, wote wamekubali, kwa hivyo haifai kubishana nayo. Kesho nitaenda sokoni kutafuta ya shaba, iliyozeeka kidogo.